Kudurusu Kitabu Darasani



Jioni hii nataka kusema nanyi juu ya kazi ijayo kila mwaka mtihani unapokaribia, nayo ni kudurusu kitabu cha fasihi pamoja na wanafunzi.

Nilipokuwa mgeni katika ualimu nalidhani kwamba kudurusu ni kusoma tena, basi. Kitabu chetu kilikuwa Kusadikika, alichokitoa Shaaban Robert mwaka 1951. Naliwasomea watoto sura kwa sura, nikaandika muhtasari ubaoni, nao wakauhifadhi. Siku moja nikamwuliza kijana aliyekuwa hodari kuliko wote, "Karama alishtakiwa kwa nini?" Akajibu pasipo kusita kwamba ni kwa kufundisha elimu ya sheria. Nikamwambia, "Vema, nionyeshe kitabuni." Akafunua kurasa huku na huku, asipaone mahali hapo. Kosa halikuwa lake. Mimi ndiye niliyempa maganda, na tunda nikaliacha mtini.

Wataalamu wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walitangaza jaribio lao mwaka 2006. Wanafunzi waliosoma habari tena na tena walikumbuka zaidi baada ya dakika 5. Lakini baada ya juma moja, waliojijaribu kwa kukumbuka bila kuitazama habari ile ndio waliowashinda wenzao. Basi, kusoma tena hutudanganya: jambo lililo mbele ya macho hudhaniwa kuwa limekwisha kukaa moyoni.

Kwa hiyo nawapa kazi tatu, nazo hazihitaji ila karatasi, kalamu na kitabu.

Kwanza, vitabu na vifungwe. Kila mwanafunzi aandike kwa dakika 10 yote ayakumbukayo katika sura moja. Kisha afungue kitabu, asahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Rangi ile ya pili ndiyo itakayomwonyesha mahali pa kutia bidii. Baada ya siku tatu arudie, na baada ya juma arudie tena.

Pili, andikeni katika vipande vya karatasi majina ya wajumbe sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Wanafunzi wawili wawili wachukue kipande kimoja, watafute mambo matatu: mjumbe huyo alitumwa wapi, alirudi na shauri gani, na alilipwa nini. Majibu yaandikwe ubaoni katika safu tatu. Jopo hilo likijaa, darasa litajionea lenyewe, pasipo kuambiwa na mwalimu, kwamba kila aliyerudi na heri alilipwa kifungo. Ugunduzi wa namna hiyo hausahauliki upesi.

Tatu, ligeuzeni darasa kuwa baraza. Mmoja awe Mfalme, mmoja Waziri Majivuno, mmoja Karama, na waliosalia wawe madiwani. Washitaki na kujitetea, lakini kwa sharti moja: asemaye neno lolote juu ya kitabu autaje ukurasa, na asiyeweza kuutaja aketi. Mara ya kwanza wengi wataketi, na kicheko kitakuwa kingi. Msivunjike moyo. Mara ya pili mtawaona watoto wakija na vitabu vilivyojaa alama za kalamu ya risasi, na yule mnyamavu wa nyuma atasimama kumsahihisha Waziri.

Huenda mwalimu mmoja akasema, "Mtihani u karibu, wakati wa michezo hiyo sina." Namjibu kwa heshima kwamba huu si mchezo. Mtahini hamwulizi mtoto hadithi tu. Humtaka atoe hoja na kuithibitisha. Mwenye muhtasari ana jibu la swali moja, na swali likigeuzwa kidogo, amekwisha. Bali mwenye kukijua kitabu hujibu lolote.

Kumbukeni habari ya Karama mwenyewe. Alisimama peke yake mbele ya mshitaki mwenye nguvu, wala hakuokolewa na maneno ya kukariri. Aliokolewa na mambo aliyoyajua hasa, akayaeleza moja baada ya moja siku zote sita, hata akaachiliwa, na wajumbe wale sita nao wakafunguliwa. Mtoto wetu naye ataingia chumba cha mtihani peke yake, mwalimu wake akibaki nje. Tumpe kitu cha kusimamia.

Kwaherini.