Mkoa Umeongoza, Watoto Wako Wapi?



Kila yanapotangazwa matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne, mazungumzo vijiweni na ndani ya daladala huwa ni yale yale: mkoa gani umeongoza na mkoa gani umeshika mkia. Viongozi wa mkoa ulioongoza hupongezwa, na wa mkoa uliovuta mkia hutakiwa kujieleza. Leo naomba tuitazame hesabu yenyewe kabla hatujapiga makofi.

Asilimia ya ufaulu tunayotangaziwa hupatikana kutokana na watahiniwa waliofanya mtihani. Haitokani na watoto walioanza Kidato cha Kwanza. Tuchukue mikoa miwili ya kubuni, kila mmoja ukiwa umeandikisha watoto 1,000. Katika mkoa wa kwanza, waliofika kwenye mtihani ni 500, wakafaulu 450. Hiyo ni asilimia 90. Katika mkoa wa pili walifika 900, wakafaulu 720, yaani asilimia 80. Gazeti litausifu mkoa wa kwanza. Lakini mkoa wa pili ndio uliowapa vijana 270 zaidi nafasi ya kuendelea na maisha wakiwa na cheti mkononi.

Je, wale 500 walioishia njiani wako wapi? Wengine wanachunga, wengine wamo machimboni au baharini wanavua. Wasichana wengine walipata mimba. Ni kweli kwamba Novemba 2021 serikali iliwafungulia mlango wa kurudi darasani, lakini tutajuaje ni wangapi wamerudi katika kila wilaya, ikiwa tunachosoma ni asilimia moja tu ya mkoa mzima?

Jambo la pili ni shule za bweni. Mtoto wa Lindi anayesoma Kilimanjaro huhesabiwa pale ilipo shule yake. Akifaulu, sifa huenda Kilimanjaro, na kijiji alichotoka hakionekani popote. Kwa hiyo takwimu ya mkoa hutueleza habari za shule zilizomo, si lazima itueleze habari za watoto waliozaliwa humo.

La tatu ni kipimo. Matokeo ya mwaka 2012, yalipotangazwa Februari 2013, yalionyesha zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa wamepata sifuri. Miezi michache baadaye yalipangwa upya, na waliofaulu wakaongezeka. Matokeo ya 2014 yakatolewa kwa wastani wa pointi, kisha mwaka 2016 tukarudi kwenye divisheni. Anayelinganisha mkoa wake wa mwaka mmoja na wa mwaka mwingine sharti kwanza aulize kama ratili iliyotumika ni ile ile.

Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Mimi naliunga mkono. Hata hivyo, kuacha mashindano kusiwe sababu ya kufungia takwimu kabatini, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Ningependa kila wilaya ibandike ubaoni namba nne: walioanza Kidato cha Kwanza, waliofanya mtihani wa Kidato cha Nne, waliofaulu, na waliopata nafasi Kidato cha Tano, VETA au vyuo vingine. Namba hizo zitaonyesha wapi panahitaji bweni la wasichana, wapi panahitaji mwalimu wa hisabati, na wapi watoto wanafaulu lakini hawana pa kwenda.

Basi, ndugu msikilizaji, safari ijayo kiongozi atakaposimama mkutanoni na kujivunia kwamba ufaulu umepanda, mpigie makofi kama ada. Kisha nyoosha mkono, umwulize kwa heshima: walioanza walikuwa wangapi?