Tusichome mawese mpaka yawe meupe

Tuongee juu ya macho ya wazee tuliorudi nao Lubunga. Ule wekundu wa mawese ni karotini. Mwili unaigeuza kuwa vitamini A, ile inayosaidia kuona magharibi. Lakini wengi tunayachoma kwenye chungu mpaka yanakuwa meupe. Hapo karotini imeharibika, tunabaki na mafuta tu. Muyapashe kidogo, mutie kiasi kwenye sombe iliyotwangwa na kuchemshwa sana. Ila tusidanganyane: mawese hayaponyeshi mtoto wa jicho wala tansio. Mzee anayemeza dawa aendelee. Anayeona ukungu, tumpeleke kituo cha afya mapema.