Lugha Yetu Kwenye Kundi la Wazazi: Maneno ya Mwenyekiti



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka kumi. Habari za hisa na mikopo zimo kwenye risala ya katibu, hatutazirudia. Sisi tuna jambo moja tu, nalo ni lugha tunayotumia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa shule.

Mnajua ada ilifutwa tangu Januari 2016, ila chakula cha mchana cha watoto tunachangia wenyewe: mahindi, maharage na hela ya mpishi. Kundi lilifunguliwa kwa ajili hiyo, na mwanzo lilitusaidia kweli. Mtu uko shamba, habari ya kikao inakufikia.

Basi siku moja ikaletwa orodha ya wasiochangia, majina ya wazazi na ya watoto wao. Usiku ule ule watu wakaanza. Wengine kucheka kwa vile vikatuni, mwingine kuuliza mbona fulani harusini alivaa kitenge kipya. Tuseme kweli, maana tukificha hatujasema kitu: wawili kati ya waliocheka ni wanachama wa kikundi hiki. Na sisi viongozi tulisoma yote tukanyamaza.

Katika orodha ile alikuwamo bibi mmoja anayelea mjukuu. Simu yake ni kitochi, kundi halioni. Aliyemsomea ni kijana wa jirani, kisimani, mbele za watu. Mjukuu hakuonekana shule wiki mbili. Asubuhi anatoka na daftari, kumbe anashinda kwenye mpunga wa watu akiamia ndege, apate hela ya mchango.

Tulipokwenda kumwona bibi, tulikosa pa kuweka uso. Maana kudai tunakujua! Hapa kikundini anayechelewesha rejesho anafuatwa nyumbani na watu wawili. Wanapiga hodi, wanakaa, wanauliza hali, kuna ugonjwa au kuna nini, ndipo deni litajwe. Kwenye kikao anayemkatiza mwenzake analipa faini, na hela inaingia sandukuni tunaiona. Katiba hiyo tuliipitisha wenyewe. Sasa tukishika simu inakwenda wapi? Pengine ni kwa kuwa uso wa mtu huuoni. Na neno la kisimani lilikuwa linaishia kisimani, hili la simu linarushwa mpaka Dumila, mpaka Morogoro, na ukilifuta kwako kwa mwenzio lipo.

Kuna la pili, zito zaidi. Ng'ombe waliingia shamba la shule, na kabla haijajulikana ni wa nani, watu wakaanza kuandikiana makabila. Jamani, hapa ni Kilosa. Desemba 2000 pale Rudewa Mbuyuni waliuawa watu zaidi ya 30 katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Wengi wetu siku zile tulikuwa na watoto mgongoni, tunakumbuka tulivyolala. Leo wajukuu wa pande zote mbili wanakaa dawati moja, na simu za nyumbani wanazisoma kuliko sisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kumtukana mtu kwa asili yake, lakini hatupendi mpaka tufike polisi.

Mchango wa bibi tuliutoa kwenye mfuko wa jamii. Wale wawili walikwenda wenyewe kumwomba radhi, hatukuwasindikiza. Tulionana pia na walimu, tukakubaliana orodha ya madeni isiwekwe tena kundini, mzazi aitwe peke yake. Picha ya mtoto aliyeadhibiwa isirushwe. Na baada ya saa tatu usiku watu walale, isipokuwa kuna mgonjwa. (Hili la usiku bado linavunjwa, na wavunjaji wengine wamekaa hapa mbele.)

Mjukuu amerudi shule. Bibi ndiye bado haji kwenye vikao vya wazazi. Leo tulimwalika, kiti chake ni kile pale mstari wa pili. Pilau ikiiva, wale wawili watampelekea sahani yake.

Wenye funguo za sanduku wasogee.