Mabingobingo, Bakteria na Ardhi Iliyoingia Sumu

Katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ardhi ina maradhi mawili ambayo dawa yake si moja: mafuta machafu yamwagikayo Tunduma, pale malori yaendayo Zambia yanapotengenezwa, na zebaki ambayo wachimbaji wadogo wa Wilaya ya Songwe huitumia kunasa chembe za dhahabu.

Mafuta yana nafuu. Wamo udongoni bakteria ambao, maadamu wamepata hewa, unyevu na mbolea kidogo, huyala na kuyavunja hata yakawa maji na hewa ya ukaa. Nayo mabingobingo, nyasi ndefu za asili ya Afrika ambazo zikikauka ni nishati njema, huwasaidia kwa mizizi yao mingi ipenyezayo hewa na kuwatilia utomvu wenye sukari. Kazi hiyo huchukua misimu, si majuma.

Zebaki ni habari nyingine kabisa. Haivunjiki, bali wako bakteria, aghalabu katika matope yasiyo na hewa, waigeuzao kuwa sumu kali zaidi ipandayo kwa samaki hata ikafika mezani. Mizizi huweza kuushika udongo usichukuliwe na mvua, na hilo si dogo, lakini adaiye kwamba majani pekee yameisafisha ardhi hiyo anajighuri. Majani hayo ng'ombe wasikatiwe, wala yasitiwe jikoni, kwani zebaki ikipata moto huwa mvuke, jambo alijualo kila mchoma dhahabu, ijapokuwa si wote wachomao mbali na watoto.