Kumtumikia Mungu kwa Kicheko

(Mazungumzo ya mmoja wa wanakwaya waanzilishi katika semina ya maandalizi ya jubilei ya miaka 25 ya kwaya yetu)

 



Wengi wenu mnanijua kama yule mzee wa sauti ya nne anayesimama mstari wa nyuma. Watoto hawanijui hivyo. Mtoto akiniona sokoni humvuta mama yake leso na kumwambia, "Mama, yule ndiye wa pua nyekundu!" Mama huona haya. Mimi humpungia mtoto mkono nikaendelea kununua sukuma wiki.

Mwalimu wa kwaya ameniomba niseme machache kuhusu uchekeshaji katika ibada. Sababu mnaijua. Vijana wetu wameomba kuigiza mfano wa kondoo aliyepotea siku ya jubilei, na yule mchungaji, wa kondoo, siyo wetu, awe mchekeshaji aliyejipaka rangi usoni, au klauni kama wanavyosema wao. Wazee wawili wamepinga. Sikuja hapa kuwashinda wazee hao. Mmoja wao ndiye aliyenifundisha kusoma solfa, na hofu yake ninaiheshimu, kama mtakavyosikia.

Mchungaji asiyejua hesabu

Nianze na mchezo wenyewe, maana wengine wanaupinga bila kuuona. Mchungaji wa kondoo anaingia na koti kubwa la mitumba na viatu vilivyomzidi. Anawahesabu washirika kwa kidole, safu kwa safu, kana kwamba ni kondoo wake. Akifika katikati anasahau, anaanza tena. Mwishowe anapata tisini na tisa. Hapo ndipo anapochanganyikiwa. Anatafuta chini ya viti, ndani ya mikoba ya akina mama, ndani ya kinanda. Hasemi neno. Watu wanacheka. Kisha, nyuma kabisa karibu na mlango, anamwona mtoto aliyeketi peke yake. Anaanguka kwa furaha, anamwinua begani, anampeleka mbele, na kwaya inaanza kuimba. Kicheko hukoma chenyewe wakati huo. Nimeona wanaume wazima wakitafuta leso mifukoni.

Sasa, ndugu zangu, nani kati yenu amefuga? Mfugaji anajua kwamba ukiwaacha kondoo tisini na tisa nyikani ukamfuata mmoja, utarudi ukute fisi amekuhesabia upya. Kwa hesabu ya soko, mchungaji wa Luka 15 ni mjinga. Tumeusikia mfano huo mara nyingi mpaka ujinga wake umetutoka, tukadhani ni jambo la kawaida. Mchekeshaji anaturudishia mshangao wake. Anatuonyesha kwamba upendo wa Mungu hauingii katika daftari zetu.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema leo: mchekeshaji wa Kikristo hujishusha yeye mwenyewe ili aliye mdogo ainuliwe. Akifanya hivyo, ni huduma. Asipofanya hivyo, ni upuuzi tu, na mahali pake si kanisani.

Si jambo geni

Wako wanaodhani mambo haya yameletwa na televisheni. Ni kweli sisi tulilelewa na Vitimbi na Vioja Mahakamani, na siwezi kukana kwamba nilijifunza kutembea kwa kuwatazama wale. Lakini kicheko kiliingia katika watu wa Mungu kabla ya umeme. Jina la Isaka lenyewe lina maana ya kicheko. Bwana wetu alisema juu ya ngamia anayejaribu kupita tundu la sindano, na juu ya mtu mwenye boriti jichoni anayetaka kumtoa mwenzake kibanzi. Tunayasoma kwa uso mzito, lakini jaribuni kuyaigiza, mtaona wasikilizaji wake hawakununa. Na mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, sura ya 4, anasema wazi kwamba yeye na wenzake wamekuwa kama onyesho mbele ya ulimwengu, na wamekuwa wapumbavu kwa ajili ya Kristo.

Kanisa halikulisahau neno hilo. Fransisko wa Assisi, katika karne ya 13, alitaka ndugu zake wahubiri, kisha waimbe, na wajitambulishe kwa watu kuwa wachekeshaji wa Bwana. Siku zile wachekeshaji wa barabarani waliimba, walisimulia na kufanya viroja, halafu wakapitisha kofia. Fransisko alisema malipo wanayoyataka wao ni moja tu: watu watubu. Wanakwaya, likumbukeni hilo tunapohesabu sadaka ya jubilei.

Huko mashariki mwa London, kila mwaka mwanzoni mwa Februari, wachekeshaji huingia kanisani wakiwa na mavazi yao ya kazi na nyuso zao zilizopakwa rangi, ili kumwabudu Mungu na kumkumbuka Joseph Grimaldi, mchekeshaji mashuhuri aliyefariki mwaka 1837. Ibada hiyo imekuwapo tangu miaka ya 1940. Nchini Marekani, mchungaji wa Kilutheri Floyd Shaffer alianza kuhudumu kama mchekeshaji katika miaka ya 1960, na wengi wakamfuata. Katika maonyesho makubwa ya New York ya mwaka 1964, banda la Waprotestanti lilionyesha filamu iitwayo Parable. Ndani yake, mtu aliyepakwa uso mweupe anafuata msafara wa sarakasi akiwa juu ya punda, anawabebea wengine mizigo yao, na mwishowe anauawa. Walikuwapo viongozi walioipinga vikali kabla haijaonyeshwa. Kwa hiyo msidhani ubishi wetu ni wa kwanza.

Wahudumu wengi wa aina hiyo hueleza rangi zao hivi: uso mweupe ni alama ya kifo, kwamba mimi na fahari yangu tumewekwa kando. Rangi angavu juu yake ni alama ya uzima mpya. Ni ubatizo unaoonekana usoni.

Wodi ya watoto

Kwaya yetu ilipokuwa changa, tulikwenda kuimba katika wodi ya watoto hospitalini. Nilijipaka uso nyumbani, nyeupe tupu, nikaingia nikijiona hodari. Mtoto wa kwanza aliyeniona alipiga yowe. Wa pili akajificha chini ya shuka. Sista wa wodi akanitoa nje kwa upole, akaniambia, "Mzee, hawa wameshaona watu wengi waliofunika nyuso." Nilinawa kwenye bomba la uani, maji baridi, huku wenzangu wakiendelea kuimba bila mimi.

Tangu siku hiyo sijipaki mahali pa siri. Hukaa mbele ya watoto na uso wangu wa kawaida, nikawasalimu, kisha naiweka ile pua mbele ya macho yao. Huwauliza, "Imekaa sawa?" Hapo kila mmoja ana maoni.

Safari moja kulikuwa na msichana mwenye mkono uliofungwa plasta. Tangu asubuhi alikuwa akiambiwa: lala, kunywa, usisogee, nyamaza. Mimi nikaanza kuvaa kofia, nikaivaa gotini. Akanitazama. Nikaivaa kwenye kiwiko. Akasema, "Si hivyo." Nikaivaa kwenye kiatu. Akakaa kitandani, akanyosha ule mkono mzima, akaniamuru, "Kichwani, wewe!" Kwa dakika tano yeye ndiye aliyekuwa mwalimu na mimi ndiye nisiyejua kitu. Sikumhubiria. Kwaya iliimba taratibu, tukaomba na mama yake, tukaondoka. Naamini nilikuwa nimemhubiria tayari.

Siku niliyokosea

Sasa nataka kuwaambia jambo ambalo sijawahi kulisema mbele ya kanisa.

Miaka mingi iliyopita niliigiza Musa akimkatalia Mungu kwenda Misri, kwa kuwa ulimi wake ulikuwa mzito. Nikamfanya Musa awe na kigugumizi. Nilikirefusha kila neno. Kanisa lilicheka mpaka likashika mbavu, nami nikaongeza, maana kicheko ni kama chai yenye sukari, ukionja unataka kikombe cha pili.

Wiki iliyofuata mama mmoja alinijia baada ya ibada. Hakunifokea. Aliniambia kwamba mwanawe wa miaka tisa ana kigugumizi, na kwamba alikuwa amejipa moyo kukariri mstari wake Jumapili ile ya watoto. Sasa wenzake wanamwita Musa, naye amesema hatasoma tena.

Nilikwenda nyumbani kwao. Nilimwomba mtoto msamaha nikiwa nimechuchumaa ili macho yetu yawe sawa. Aliitikia kwa kichwa, hakusema kitu. Hakurudi katika kwaya ya watoto. Baadaye familia ile ilihamia mji mwingine. Leo atakuwa mtu mzima, na kila ninapofungua sanduku la vifaa vyangu namkumbuka yeye kwanza.

Nilikuwa na koti kubwa, viatu vikubwa, na mistari ya Biblia. Nilikuwa na kila kitu cha huduma isipokuwa huduma yenyewe. Sikujishusha mimi, nilimshusha mtoto. Askari wa Pilato nao walifanya mchezo: walimvika Bwana vazi, taji la miiba na mwanzi mkononi, wakampigia magoti huku wakicheka. Kuna kicheko kinachomsulubisha mtu. Kila mchekeshaji ajiulize kila mara yuko upande gani wa mchezo ule.

Kwa wazee wetu

Nawarudia wazee wangu wawili. Mmesema kwamba mbele za Mungu ni mahali pa kicho. Ni kweli. Vijana hupenda kunitajia 2 Samweli sura ya 6, jinsi Daudi alivyocheza kwa nguvu zake zote na Mikali akamdharau. Lakini nawaambia vijana waisome sura yote. Katika sura hiyohiyo Uza alinyosha mkono akaligusa sanduku, akafa, na Daudi akaogopa. Miezi mitatu ilipita kabla hajacheza. Kwa hiyo Daudi aliyecheza si mtu asiyejua kicho. Alikuwa amesimama kando ya kaburi la mtu. Alivua fahari ya ufalme kwa sababu alijua yuko mbele za nani.

Kicho na kicheko vimo katika sura moja. Tusizitenganishe kurasa.

Basi nimewaandikia vijana masharti manne, nami nayaweka mbele yenu yapimwe.

Kwanza, mchekeshaji ajicheke mwenyewe. Kutembea kwa mzee, kigugumizi, kabila la mtu, umaskini, unene au wembamba wa mtu, hivyo si vifaa vyetu.

Pili, mchezo uwe kabla ya neno, usiingie katika Meza ya Bwana wala katika maombi.

Tatu, mtoto atakayebebwa aulizwe kwanza, na mzazi wake pia. Akikataa, kondoo mwingine atapatikana.

Nne, mchezo ukiisha, mchekeshaji avue pua, aingie katika kwaya aimbe na wenzake. Asibaki mbele akingoja makofi. Yohana Mbatizaji alionyesha kidole kwa Mwanakondoo, kisha akarudi nyuma. Huo ndio mwendo wetu.

Wazee wakiona hata kwa masharti hayo haifai, nitawaambia vijana watii, nami nitatii pamoja nao. Huduma inayoingia kwa kumsukuma mzee mlangoni imeshajikana yenyewe. Lakini nawasihi mje kwenye mazoezi ya Jumamosi muone kabla ya kuamua.

Wapendwa, miaka 25 tumeimba. Tumeimba arusini, tumeimba makaburini, tumeimba siku ambazo kinanda kilikataa na kayamba moja ikatubeba. Wengine tulioanza nao wametangulia mbele za haki. Tumefanya makosa ya sauti na makosa ya moyo, na Bwana amekuwa akitutafuta chini ya viti kama yule mchungaji asiyejua hesabu. Asingekuwa vile, nani kati yetu angekuwa hapa?

Siku ya jubilei, mkiniona nimevaa sare kama wenzangu, mjue wazee wamesema hapana, nami nitaimba kwa moyo wote. Mkiona koti kubwa linaingia kwa mlango wa nyuma likihesabu watu kwa kidole, chekeni msione haya. Na kidole kikifika kwako, ujue umehesabiwa.

Mungu awabariki. Mungu aibariki kwaya yetu.