Kalamu ya Insulini Katika Joto la Dar es Salaam

Insulini, homoni ya kongosho inayoiwezesha sukari kuingia katika seli, ilianza kutumika kama dawa mjini Toronto mwaka 1922, lakini mgonjwa wa Mbagala au Tandale leo huweza kupewa aina mbili, na kukosea kati yake ni hatari ya kweli. Ile ya muda mfupi, iliyo angavu, hudungwa takriban nusu saa kabla ya chakula. Ile ya muda wa kati, nyeupe mfano wa maziwa, hubingirishwa kwanza viganjani ili chembe zilizotuama zichanganyike.

Kalamu, yaani kifaa chenye dawa ndani na kizungusho cha kupimia dozi, hurahisisha kazi, ila sindano hubadilishwa kila mara, yuniti 2 hutolewa kwanza hewani kuhakikisha dawa inapita, na baada ya kubonyeza sindano huachwa mwilini kwa sekunde 10. Kosa baya kuliko yote ni ndugu wawili kutumia kalamu moja, hata kwa sindano mpya, kwa kuwa damu huweza kurudi ndani na kubeba virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini.

Kalamu mpya hukaa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8, bila kugandishwa. Iliyofunguliwa kwa kawaida hudumu wiki nne chini ya nyuzi 30, kiwango ambacho chumba cha bati hukivuka Februari, na hapo chungu cha udongo chenye maji, dawa ikiwa ndani ya chombo kisichopitisha maji, ni msaada halali. Mwenye shaka na aulize kliniki ya kisukari, Mwananyamala au Temeke, kabla ya kudunga.