Injini ya Turbo: Rudisha Nguvu Iliyopotea Kabla ya Kununua Nyingine

Yafuatayo ni mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti na madereva, utingo, mafundi na wenye magari wa wadi ya Sangailu. Tunayachapisha kwa ajili ya wakaazi ambao hawakuweza kufika.

  Niruhusuni niingie moja kwa moja katika lililotuleta hapa.

Madereva wengi huuliza swali moja: gari langu la dizeli lina turbo, lakini limechoka. Nifanye nini lipate nguvu, nami mfuko wangu ni mdogo? Mimi si fundi. Kazi yangu ni kuuliza wanaojua, kusoma, kisha kuleta jibu kwa lugha tunayoelewana. Jibu kwa ufupi ni hili: nguvu ya bei nafuu ni ile gari lilikuwa nayo likaipoteza. Irudishe hiyo kwanza. Nguvu ya kuongeza juu yake ina bei, na mara nyingi bei yenyewe huwa ni injini nzima.

Jambo hili si la madereva peke yao. Mama akishikwa na uchungu usiku, hufika hospitali ya Masalani au ya Garissa kwa gari. Mifugo inayokwenda kuuzwa soko la Garissa hupanda lori. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, na familia nyingi za Kaskazini Mashariki zikangojea maji ya boza. Boza likizima mchangani, hasara si ya mwenye boza pekee. Kuna kijiji kizima kimepanga mitungi kikisubiri.

Tuanze na turbo yenyewe. Mhunzi akitaka moto mkali hupuliza mvukuto. Akiongeza makaa bila kupuliza, anapata moshi tu. Turbo ni mvukuto wa injini. Moshi unaotoka kwenye silinda huzungusha gurudumu dogo, na gurudumu hilo huzungusha la pili linalosukuma hewa ndani. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Gurudumu hilo laweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, likielea juu ya utando mwembamba wa oili.

Sasa sikilizeni hesabu. Ili lita moja ya dizeli iungue vizuri, inahitaji lita 10,000 hivi za hewa, na kwa kawaida injini ya dizeli hutaka zaidi ya hapo. Kwa hivyo gari lenu linakula hewa nyingi kuliko mafuta. Ukiona limekosa nguvu, uliza kwanza habari ya hewa. Hapa kwetu hewa ina adui wawili. Wa kwanza ni vumbi. Wa pili ni joto: hewa ya nyuzi 40 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 15 kwa karibu asilimia 8, kwa hivyo injini inapata pumzi kidogo hata kabla ya kupanda mzigo.

Nitataja hatua kwa mpangilio wa gharama, kuanzia zile ambazo hazikugharimu kitu.

Ya kwanza ni filta ya hewa. Wakati wa jilaal, filta inaweza kuziba mapema sana kuliko kitabu kinavyosema, kwa sababu kitabu kiliandikwa kwa barabara ya lami. Ikague mara kwa mara. Ukiipuliza, puliza kutoka ndani kuelekea nje, kwa upepo wa presha ndogo. Usiigonge kwenye tairi na usiioshe kwa petroli. Karatasi ikitoboka, hata tundu la sindano, vumbi linaingia, na mchanga ni mgumu kuliko chuma. Unasaga meno ya turbo na kuta za silinda. Filta iliyotoboka ni mbaya kuliko iliyoziba: iliyoziba inakunyima nguvu leo, iliyotoboka inakunyima injini kesho.

Ya pili ni mipira ya hewa kati ya turbo na injini. Hapa ndipo nguvu nyingi hupotelea. Mpira ukipasuka kidogo au kibano kikilegea, turbo inasukuma hewa inayoishia njiani. Dalili zake ni moshi mweusi ukikanyaga mafuta, mlio wa "ssss" unaposhika mlima, na alama ya oili iliyochanganyika na vumbi penye kiungo. Zima injini, iache ipoe, pitisha mkono kila kiungo, kaza vibano, geuza mpira utazame upande wa chini. Fundi aweza kujaza upepo kidogo ndani ya njia hiyo na kupaka maji ya sabuni. Penye tundu patatoa povu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu hauhitaji pesa nyingi kuuziba.

Ya tatu ni kipozahewa, kile mafundi wanachokiita intakula, pamoja na rejeta. Vyote viwili hufungwa na vumbi, majani na wadudu. Vioshe kwa maji ya presha ndogo, kutoka nyuma kuelekea mbele, bila kupinda mapezi. Hewa ikipoa inashikamana, na iliyoshikamana ndiyo inayoleta nguvu.

Ya nne ni mafuta yenyewe. Dizeli nyingi za huku husafiri kwa pipa na mtungi, na pipa hukusanya maji. Liache litulie, usichote mpaka chini, chuja kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Fungua kizibo cha chini cha kitenganisha maji na umwage maji kabla ya safari. Badilisha filta ya dizeli kwa wakati. Tena jihadharini na dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Uchanganyaji huo ulienea nchini hadi Sheria ya Fedha ya 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia. Mafuta ya taa hayana ulainisho wa kutosha. Pampu na injekta husagika. Mamlaka ya EPRA hutangaza bei za mafuta tarehe 14 ya kila mwezi. Ukiuziwa dizeli kwa bei iliyo chini mno ya hiyo, jiulize kimeongezwa nini.

Ya tano ni oili. Mazingira ya vumbi na mzigo mzito ni mazingira magumu, na vitabu vya watengenezaji vyenyewe hutaka oili ibadilishwe mapema zaidi katika hali hiyo. Tumia daraja lililoandikwa kitabuni. Halafu kuna tabia mbili za bure kabisa. Ukiwasha, usikanyage mafuta papo hapo. Ipe oili nusu dakika ifike kwenye turbo. Ukifika umetoka kuvuta mchanga mzito, usizime palepale. Acha injini izunguke polepole dakika moja au mbili. Ukizima turbo ikiwa nyekundu kwa moto, oili iliyobaki ndani yake inaungua na kuwa masizi, na masizi hayo ndiyo yanayoziba njia ya oili ya kesho.

Ya sita ni mambo yaliyo nje ya injini. Tairi kubwa kuliko zilizokuja na gari ni sawa na kurefusha gia: gari linaonekana zuri lakini halivuti. Breki zinazoshika, presha ndogo ya tairi kwenye barabara ngumu, kereti ya chuma juu ya paa isiyobeba kitu. Vyote hivyo vinakula nguvu uliyoilipia kituo cha mafuta.

Baada ya hayo sita ndipo umwite fundi mwenye vifaa apime injekta, arekebishe nafasi za valvu na akague kama turbo ina mchezo. Hapo utatoa pesa, lakini utakuwa unalipia ugonjwa uliojulikana. Jifunzeni pia kusoma moshi. Mweusi maana yake mafuta yameshinda hewa. Wa bluu maana yake oili inaungua. Mweupe usiokwisha, huku maji ya rejeta yakipungua, unaweza kuwa gasketi ya hedi.

Sasa nizungumze na vijana, kwa maana najua kuna njia ya mkato inayowavutia. Injini ya zamani ina skrubu kwenye pampu ya dizeli. Unaizungusha kidogo, mafuta yanaongezeka, gari linaruka. Ya kisasa inawekewa chipu inayodanganya kompyuta. Mafundi wengine hukaza turbo isukume presha zaidi. Kweli nguvu inaongezeka, sibishi. Lakini ngamia mwenye kiu ukimchapa atatembea hatua chache zaidi, kisha atalala na hatainuka. Mafuta yakizidi hewa, joto la moshi linapanda. Pistoni ni za aluminiamu, na aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660. Moshi wa injini iliyolemewa unaweza kupita joto hilo. Pistoni haiyeyuki kwa sababu tu inapozwa kila sekunde. Ukiongeza moto bila kuongeza kipoza, unaipunguzia uhai katika kila mlima.

Chukueni mfano wa Land Cruiser zetu. Nyingi zina injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, isiyo na turbo. Wako wanaotaka kuifungia turbo kuukuu ya lori. Lakini tazameni Toyota wenyewe walivyofanya. Walipotaka injini ya lita 4.2 yenye turbo, mwaka 1990, walitoa 1HD-T: waliibadilisha namna dizeli inavyoingia kwenye silinda, na mgandamizo wakaushusha hadi 18.6 kwa 1, wakati ule wa 1HZ unazidi 22 kwa 1. Mwenye kiwanda hakufunga turbo tu akaondoka. Nasi tusifanye hivyo kwa gari ambalo kesho litabeba mgonjwa.

Na kwa injini mpya zenye injekta za kompyuta, nawasihi: dizeli ndani ya mabomba yake ina presha inayozidi ya hewa tunayovuta zaidi ya mara 1,000. Usitafute tundu kwa kidole injini ikiwaka. Dizeli hiyo inatoboa ngozi na kuingia mwilini. Jeraha laweza kuonekana dogo kama la mwiba, lakini ni la kukimbilia hospitali.

Je, mtu akishafanya yote na bado anataka zaidi? Iko njia ya heshima. Anza na geji mbili: moja ya presha ya turbo, nyingine ya joto la moshi. Bila hizo unaendesha ukiwa umefumba macho. Kisha panua bomba la ekzosi kuanzia turbo kwenda nyuma ili moshi utoke bila kubanwa, na weka kipozahewa kikubwa zaidi. Baada ya hapo ndipo fundi mwenye ujuzi aongeze dizeli kidogo akitazama geji, na aishie mahali moshi mweusi unapotaka kuanza. Ukiamua kubadilisha injini yote, kumbuka nambari yake iko kwenye logbook. Peleka mabadiliko hayo NTSA, na mwarifu mwenye bima wako, usije ukanyimwa fidia siku ya ajali.

Nimalize na mambo matatu kwa makundi matatu.

Wenye magari, wapeni madereva daftari. Kila safari iandikwe kilomita, lita za dizeli, siku ya oili na siku ya filta. Tuseme lori linatumia lita 30 kwa kilomita 100. Likirudi kwenye afya na kuokoa sehemu moja kwa kumi, hizo ni lita 3 kila kilomita 100, safari baada ya safari. Hakuna chipu inayolipa hivyo. Magari ya umma nayo yasiachwe nje: boza na ambulensi ni mali yenu, na mna haki ya kuuliza yalikaguliwa lini.

Vijana mafundi, ujuzi mnao mikononi. Utafutieni karatasi. NITA hutoa mitihani ya ufundi kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, na fundi aliyejifunzia chini ya mti anaruhusiwa kuifanya. Cheti hicho ndicho kitakachowafungulia kazi za magari makubwa.

Na madereva, ninyi ndio mnaosikia mlio wa gari kabla ya mtu mwingine yeyote. Ukisikia "ssss" asubuhi, usiseme nitaangalia nikirudi. Huenda usiku huohuo simu ikalia, na kuna mama anasubiri.